Utabiri wa Lubele

1

Jaji Tusekile Mwandembo aliisoma rasimu ya hukumu yake kwa sauti, neno kwa neno, ndani ya chumba kisicho na dirisha chini ya Mahakama Kuu ya Ilondo. Bashiri, mtambo wa mahakama wa kutabiri, hakupokea maandishi matupu. Alitaka kuisikia hukumu kama wananchi watakavyoisikia, pamoja na pumzi na vituo vyake, maana iliwahi kutokea jaji akakohoa mahali pabaya na mji mzima ukaelewa vingine.

"Kwa sababu hizo," alimalizia, "mahakama inabatilisha uchaguzi wa Gavana wa Jimbo la Nyanda na inaamuru uchaguzi huo urudiwe."

Alivua miwani. Gwakisa, afisa anayeuendesha mtambo, aligusa kioo kilichokuwa mezani na taa ndogo ya kijani ikageuka njano.

"Tusubiri kidogo, Mheshimiwa. Leo ana watu wengi wa kuwafikiria."

Upande wa pili wa ukuta, Bashiri alikuwa ameanza kuijaribu hukumu ile. Alikuwa na jimbo lote kichwani mwake: nani anaishi wapi, nani ana simu gani, nani kanunua mafuta, nani kakata tiketi ya basi kwenda kwao wakati si sikukuu. Aliwasomea watu wale hukumu ya Tusekile, akawaacha waishi wiki mbili, akahesabu. Kisha akaanza upya, hali ya hewa ikiwa tofauti kidogo, mkuu wa polisi akiwa ameamka na hasira au bila hasira. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko binadamu awezavyo kufikiri, wakati Gwakisa akimenya chungwa.

Kesi yenyewe haikuwa ngumu. Sekela Mbughi, daktari wa mifugo aliyegombea ugavana, alidai kwamba kura zake ziliibwa. Matokeo ya kata tisa yalikuwa yamepokelewa makao makuu ya uchaguzi kabla vituo vya kata hizo havijafungwa. Mashahidi waliliapia hilo na mitambo ya uchaguzi yenyewe ikalithibitisha. Wakili wa Gavana Lwitiko Mwasenga hakulibishia sana. Katika majumuisho yake alisimama, akafunga kifungo cha joho, akasema kwa upole kwamba anaiomba mahakama tukufu izingatie mustakabali wa jimbo. Kisha akaketi. Tusekile alikumbuka kwamba kauli ile haikumshtua mtu yeyote ukumbini.

Taa ikawa nyekundu.

Gwakisa aliacha chungwa. "Amekuja juu, Mheshimiwa."

"Soma."

"Vifo kati ya mia tatu na hamsini na mia nne na themanini. Karibu vyote mjini Lubele. Jioni ya siku ya pili baada ya hukumu. Vingi zaidi ni Mtaa wa Maghala. Sababu ni moto."

Tusekile aliifahamu Lubele. Ilikuwa mji wa kusaga na kukoboa, kando ya mto, wenye daraja moja refu la chuma. Mtaa wa Maghala ulikuwa wa nyumba za mbao zilizobanana nyuma ya maghala ya zamani ya chai, na wakazi wake walimpigia kura Sekela karibu wote.

"Na ombi likitupiliwa mbali?"

Gwakisa aligusa kioo tena. Alikuwa ameshalijaribu hilo asubuhi, kama taratibu zinavyoelekeza. "Wawili au watatu. Pengine asife mtu."

Akamwangalia, kisha akaangalia chini. Kwa mujibu wa Sheria ya Hukumu Salama, hukumu ya mgogoro wa kisiasa ikivuka kizingiti cha vifo, majaji walitakiwa kuitafakari upya kabla ya kuisoma. Sheria haikuwalazimisha kuibadili. Ila tangu ilipotungwa, hakuna hukumu hata moja iliyovuka kizingiti ikasomwa kama ilivyokuwa. Na utabiri wenyewe ulikuwa siri. Jaji aliyeutoa nje alipoteza kazi, na aliweza kufungwa.

"Asante, Gwakisa," alisema Tusekile, akakusanya karatasi zake.

2

Majaji wa kesi ile walikuwa watatu. Jaji Ambakisye Kalinga ndiye aliyekuwa kiongozi wa jopo, mzee mrefu aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Wa tatu, Jaji Hamza Mkomwa, alikuwa mdogo kwao wote, naye alikuwa amekwisha kusema kwamba uchaguzi ule ni batili na kwamba hataki kuusikia utabiri.

"Kazi yangu ni sheria," aliwaambia siku hiyo, akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya Kalinga. "Mkishaniambia namba, nitakuwa na kitu kingine mkononi. Mimi sitaki. Naunga mkono rasimu ya dada Tusekile kama ilivyo. Nikihitajika niko maktaba."

Akaondoka. Kalinga alimsindikiza kwa macho, kisha akamimina chai vikombe viwili.

"Kijana msafi yule," alisema.

"Anajiweka safi kwa kutotazama," alijibu Tusekile.

"Na wewe umetazama."

"Nimetazama."

Alimwambia namba. Kalinga hakushangaa wala hakuuliza mara ya pili. Alikoroga chai muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

Tusekile alijua kwa nini. Kila mwanasheria wa Nyanda alijua. Miaka mingi nyuma, Kalinga akiwa jaji kijana kuliko Mkomwa, alisoma hukumu ya mpaka wa wilaya mbili zilizogombania chanzo cha maji. Ilikuwa hukumu sahihi, isiyo na doa. Mvua za mwaka ule zilipoanza, vijiji vya wilaya zote mbili vilikuwa vimeteketea na watu elfu tatu walikuwa wamekufa. Watu waliuita Mwaka wa Moshi. Tusekile, aliyekuwa msajili wa mahakama wakati huo, alipelekwa kuandikisha yatima. Baada ya hapo ndipo Bashiri alipojengwa, na aliyekwenda bungeni kumtetea alikuwa Kalinga.

"Hukumu yangu ile bado inafundishwa vyuoni," alisema Kalinga, kana kwamba amesikia anachokiwaza. "Wanafunzi huniandikia kunipongeza. Wanasema lugha yake ni nzuri."

"Ilikuwa sahihi, kaka."

"Sahihi kabisa. Hakuna aliyeikatia rufaa. Waliobaki walikuwa na shughuli nyingine." Akaweka kijiko. "Nisikilize. Mwasenga ni mwizi. Najua, wewe unajua, hata wakili wake anajua. Atakaa miaka mitano, atakula, ataondoka. Jimbo litaumia, lakini litakuwepo. Wale wa Mtaa wa Maghala hawatakuwepo. Utasimama mbele ya mama gani umwambie mwanao ameungua ili kata tisa zihesabiwe vizuri?"

"Sina jibu la swali hilo."

"Basi tupilia mbali ombi. Tutaandika kwamba dosari zilikuwepo lakini hazikutosha kubadili matokeo. Majaji wenzetu wameliandika hilo tangu babu zetu hawajazaliwa."

Tusekile alikunywa chai yake. Haikuwa ya moto tena. Kura ilikuwa yake: Mkomwa upande huu, Kalinga upande ule. Alimheshimu Kalinga kuliko mtu yeyote katika jengo lile, na hakuona kosa lolote katika hoja yake, na hilo ndilo lililomsumbua. Hoja ilikuwa nzima, na bado kulikuwa na kitu nyuma yake kilichokuwa kinanuka.

"Nipe mpaka kesho," alisema.

"Chukua mpaka keshokutwa. Mwasenga hana haraka."

Tusekile aliyakumbuka maneno hayo alipokuwa akishuka ngazi. Hana haraka. Mtu anayesubiri hukumu inayoweza kumtoa ikulu, na hana haraka.

3

"Nataka kuona vichocheo," alimwambia Gwakisa kesho yake asubuhi. "Siyo jumla. Kila kinachoipandisha ile namba."

Ilikuwa haki ya jaji kuomba, ingawa wengi hawakuomba, kwa kuwa vichocheo vilikuwa vingi na vilichosha. Gwakisa alivipanga kwa uzito. Cha kwanza kilikuwa petroli. Madumu yalikuwa yamejazwa ndani ya ghala lisilotumika mwisho wa Mtaa wa Maghala. Cha pili, kambi tatu za vijana nje ya Lubele, vijana wanaolishwa, wanaovishwa fulana mpya, wasiolipwa na kampuni yoyote. Cha tatu, magari ya kukodi yaliyolipiwa yakae tu yasiende popote.

"Kambi hizi zilianza lini? Baada ya uchaguzi?"

"Hapana. Wakati wa uchaguzi kulikuwa kimya." Gwakisa alifuata mstari kwa kidole. "Zimeanza wiki ile kesi ilipopangiwa majaji."

"Polisi wanajua?"

"Bashiri anajua. Polisi hawaruhusiwi kumuuliza Bashiri. Alijengewa mahakama peke yake."

Tusekile alivuta kiti karibu. Kwa miaka yote aliyokaa kwenye benchi alikuwa amewaona wahalifu wa kila aina, na wote walikuwa na tabia moja: walificha. Walizima simu, walilipa fedha mkononi, walituma mtu amtume mtu. Hawa hawakuzima kitu. Madumu yalinunuliwa kwa simu, dukani, mchana. Vijana walipiga picha wakiwa kambini, wakazituma kwa wachumba wao.

"Mbona hawajifichi?" aliuliza.

Gwakisa alifikiri. "Labda ni wajinga, Mheshimiwa."

"Mwasenga si mjinga." Akakitazama kioo. "Nijaribie jambo moja. Chukua hukumu ile nyingine, ya kulitupilia mbali ombi. Halafu mwambie Bashiri kwamba watu wa Sekela nao wamejaza ghala petroli na wamefungua kambi tatu. Kila kitu sawasawa na hawa, ila upande wa pili."

Ilichukua muda. Taa ikawa njano, kisha nyekundu.

"Mia nne na kitu," alisema Gwakisa. "Sasa ni kulitupa ombi ndiko kunakoua."

"Kwa hiyo tungeambiwa tutafakari upya tusilitupe."

"Naona hivyo."

"Na tungempa Sekela ushindi."

Tusekile alikaa akitazama taa ile nyekundu. Petroli ya Lubele haikununuliwa kwa ajili ya Mtaa wa Maghala tu. Ilinunuliwa ili isomwe chumbani humu. Mwasenga alikuwa ameleta ushahidi wake mahakamani kwa mlango wa chini, ushahidi ambao upande wa pili hauruhusiwi kuuona wala kuujibu, nao ulikuwa na uzito kuliko kata tisa. Sekela Mbughi alikuwa amekuja na mashahidi. Kosa lake lilikuwa kutokuja na madumu.

Na mara ijayo angekuja nayo. Yeye au mwingine. Wote wangejifunza. Kila kesi ingekuwa na kambi zake, na kila mara kambi zingetakiwa kuwa kubwa zaidi, mpaka siku moja pande zote mbili zijaze ghala sawasawa na Bashiri asiwe na hukumu salama ya kumpa mtu. Aliifikiria siku hiyo kwa utulivu, kama mtu anayesoma ramani.

Lakini watu wa Mtaa wa Maghala hawakuwa wa siku hiyo. Walikuwa wa wiki hii.

"Jaribio la mwisho," alisema. "Hukumu yangu ya jana, yote. Ila mwisho wake naongeza utabiri wenyewe. Nausoma ukumbini: namba, mtaa, siku, ghala, kambi."

Gwakisa aligeuka akamtazama usoni, kitu ambacho hakukizoea.

"Hilo ni kosa la kufungwa, Mheshimiwa."

"Nauliza tu."

Tusekile akaisoma hukumu yote pamoja na utabiri. Taa ikawa njano. Ikabaki njano. Gwakisa alimenya chungwa, akalila, akaosha mikono, akarudi, na taa ilikuwa bado njano. Hatimaye kioo kikaandika maneno ambayo Tusekile hakuwahi kuyaona: HAKUNA JIBU.

"Inakuwaje?"

"Anajizunguka." Gwakisa alichora duara hewani. "Akitabiri moto Maghala, wewe unausoma, watu wanahama, basi hakuna moto Maghala. Basi utabiri unabadilika. Anatabiri mahali pengine, unausoma huo, watu wanahama na huko. Hafiki mwisho. Ndiyo maana walifanya utabiri uwe siri. Ukitangazwa hauna kazi tena."

"Kwa hiyo hatujui kitakachotokea."

"Hatujui chochote. Wanaweza wasife. Wanaweza wakafa zaidi."

Tusekile alisimama, akanyoosha sketi yake. Ilimjia kwamba hivyo ndivyo majaji wote walivyofanya kazi kabla ya chumba hiki kujengwa. Walisoma hukumu, wakaenda nyumbani, na hawakujua. Wazo hilo halikumfariji.

4

Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Sekela Mbughi alikaa mbele, mwembamba, mikono juu ya magoti. Gavana hakuja, alikuja wakili wake, akiwa ametulia vilevile.

Kalinga alikuwa ameandika maoni yake ya kupinga, naye aliyasoma kwanza, kwa ufupi. Kisha akampa Tusekile nafasi ya kusoma hukumu ya walio wengi. Tusekile alisoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Alipofika kwenye kata tisa, minong'ono ilianza. Alipotamka kwamba uchaguzi ni batili, nje kukasikika vigelegele, na ndani wakili wa Gavana akaandika kitu kidogo, akafunika kalamu yake. Alionekana kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakukiagiza.

Tusekile hakuinuka. Aligeuza ukurasa.

"Mahakama ina jambo moja la kuongeza," alisema. "Kabla ya kusoma hukumu hii, mahakama ilitabiriwa kwamba ikiisoma, watu wasiopungua mia tatu na hamsini watakufa katika mji wa Lubele, jioni ya keshokutwa, wengi wao Mtaa wa Maghala, kwa moto."

Karani aliacha kuandika. Mkomwa, aliyekuwa amekataa kuijua namba ile, alifumba macho, na midomo yake ikacheza kidogo. Kalinga aliinua mkono. Kiongozi wa jopo alikuwa na mamlaka ya kuahirisha kikao wakati wowote, na angeweza kumkatiza palepale. Tusekile alisubiri. Alimwona mzee yule akiupima mkono wake mwenyewe hewani, kisha akaushusha juu ya meza, taratibu, akautazama pale ulipolala.

Akaendelea.

"Petroli iko katika ghala la mwisho la mtaa huo, upande wa mto. Vijana watakaoitumia wako katika kambi tatu." Akazitaja. "Mahakama haina ushahidi ambao sheria inauruhusu dhidi ya mtu yeyote, kwa hiyo haitaji jina la mtu. Inataja mahali. Wakazi wa mahali hapo wana haki ya kujua kinachojulikana juu yao. Na kuanzia leo, asije mtu mbele ya mahakama hii akidhani kwamba wingi wa watu atakaowaua utahesabiwa upande wake. Hiyo ndiyo hukumu."

Wakili wa Gavana alikuwa amesimama. Kinywa chake kilikuwa wazi, lakini hakuna sheria aliyoikumbuka kwa haraka ya kulipinga jambo la namna ile. Nyuma kabisa, mwanamke mmoja alipiga kelele, "Mama yangu yuko Maghala!" akaanza kusukuma watu apate kutoka, na simu zikaanza kulia ukumbi mzima.

Tusekile alifunga jalada. Kalinga aliinama upande wake.

"Umewatupa gizani, dada," alisema kwa sauti ya chini. Haikuwa sauti ya hasira.

"Najua, kaka."

5

Mtaa wa Maghala ulihama usiku uleule na siku iliyofuata. Polisi wa Lubele, ambao kwa wiki nyingi walikuwa wakipita mbele ya ghala lile bila kuona kitu, walilivunja mchana kweupe mbele ya kamera, wakatoa madumu. Kambi mbili zilitawanyika zenyewe. Vijana walivua fulana, wakarudi kwao. Jioni iliyotabiriwa ilipofika, hakukuwa na mtu hata mmoja ndani ya nyumba zile za mbao, na hakuna iliyoungua.

Vijana wa kambi ya tatu walikuwa wamesikia redio kama kila mtu. Walijua Maghala hakuna kitu tena. Walijua pia kwamba watu wa Maghala wanahama, na kwamba njia ni moja. Walisubiri darajani.

Walikufa watu kumi na mmoja. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mkazi wa Mtaa wa Maghala. Wakazi walikuwa wameshavuka wengi wao. Waliokuwa darajani saa ile walikuwa watu wa ng'ambo, waliokuja na mikokoteni na bajaji kuwasaidia kubeba mizigo.

Uchaguzi ulirudiwa, Sekela Mbughi akashinda kwa kura nyingi. Wiki chache baada ya kuapishwa, mwanasheria wake mkuu aliwasilisha mashtaka ya nidhamu dhidi ya Jaji Tusekile Mwandembo kwa kutoa siri ya utabiri. Gavana mpya alimpigia simu mwenyewe, kwa heshima.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Nimeona nikuambie kabla hujasikia kwingine. Sina kinyongo na wewe; nina deni la shukrani kwako. Lakini sheria ipo, na mimi nimeapa kuilinda. Nikiiacha kwa sababu ilinifaa, nitakuwa nani?"

"Marahaba," alijibu Tusekile. "Uko sahihi."

Alisema hivyo kwa sababu ilikuwa kweli. Baadaye jioni aligundua kwamba hakumuuliza Sekela kama atamwacha Bashiri aendelee.

Mahakama Kuu ilimsimamisha kazi. Kalinga alistaafu mapema, bila sherehe. Siku ya kuondoka alipita nyumbani kwa Tusekile, akakaa barazani, wakazungumzia mahindi na magonjwa ya mahindi, na hakuna aliyeitaja Lubele. Alipoaga alimshika mkono kwa muda mrefu.

6

Ilibaki siku moja Tusekile afike mbele ya baraza la nidhamu. Siku hiyo alipanda basi la umeme mpaka Lubele, kwenye nyumba ya mtu aliyeitwa Ipyana, fundi wa pampu za maji, mmoja wa wale kumi na mmoja. Kaburi lake lilikuwa linajengewa. Tusekile alikuwa amezitembelea nyumba nyingine kumi. Hii aliiacha mwisho, kwa kuwa alikuwa ameambiwa mjane hataki kumwona.

Uwanja ulikuwa na watu wengi kuliko alivyotarajia. Wanawake walikuwa kwenye masufuria makubwa nyuma ya nyumba, wengine wakileta maji, wengine wakichambua mchele. Alimuuliza mmoja wao anakotoka.

"Maghala," alisema yule mwanamke. "Sote huku nyuma ni Maghala."

Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya ukuta, mtoto wa kike amemlalia pajani. Jina lake lilikuwa Atuganile. Alimtazama Tusekile akija mpaka alipofika.

"Pole sana, mama," alisema Tusekile.

"Wewe ndiye yule jaji."

"Ndiye mimi."

Atuganile hakumkaribisha wala hakumfukuza. Tusekile akaketi chini, mbali kidogo, pasipo na mkeka.

"Alikuwa anakula," alisema Atuganile. "Redio ikawa inarudia maneno yako. Akasema, wale wazee wa kule nani atawabeba? Akaacha sahani. Alivuka mara tatu. Mara ya nne ndiyo hakurudi." Alimfunika mtoto miguu kwa khanga. "Kwenye ile hesabu yako hakuwemo."

"Hakuwemo."

"Ungenyamaza, angekuwa hai."

Tusekile alikuwa na majibu. Alikuwa na muda mwingi wa kuyaandaa, na baadhi yake yalikuwa mazuri. Aliweza kumweleza juu ya taa ya njano isiyobadilika, na juu ya maghala ya kesi zijazo ambayo sasa pengine hayatajazwa.

"Ndiyo," alisema. "Angekuwa hai."

Atuganile aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuambiwa kitu hicho na kila mtu akikizunguka. Alitazama kule kwenye masufuria.

"Na wale?"

"Wale wasingekuwepo."

"Kila wiki wananiletea kitu. Unga, kuni, sabuni. Yule bibi mwenye kilemba, Ipyana ndiye aliyembeba mgongoni. Huja kunisukia mtoto." Alipapasa misuko ya mtoto. "Nawapenda. Halafu kuna asubuhi naamka natamani kila mmoja wao angeungua. Usimwambie mtu."

"Sitamwambia mtu."

"Na usiniombe msamaha. Ukiniomba itabidi nikujibu, na mimi sina jibu."

"Sikuja kuuomba."

Lori dogo lilisimama barabarani, wanaume wakaanza kushusha saruji. Mtoto aliamka, akamtazama mgeni, akalala tena.

"Nasikia kesho na wewe unahukumiwa," alisema Atuganile. "Ule mtambo umesemaje?"

"Ni kesi ya kisiasa, kwa hiyo sheria inataka waulize. Nimeandika kuomba wasimuulize. Waamue wenyewe tu, kwa walichokiona."

"Wamekubali?"

"Hawajajibu."

"Kwa hiyo hujui watakachokufanya."

"Sijui."

"Unaogopa?"

Tusekile alifikiri kabla ya kujibu, kwa kuwa lilikuwa swali la haki.

"Naogopa," alisema.

"Vizuri," alisema Atuganile, bila ubaya wowote. Akamlaza mtoto vizuri kwenye mkeka, akainuka, akaenda kuwaonyesha wanaume pa kuiweka saruji.